Lumbesa tunailaani, vijeba tunavishangilia

Kila unapoingia msimu wa michezo ya shule, kuanzia mechi za kata hadi UMITASHUMTA na UMISSETA ngazi ya taifa, wimbo ni ule ule: vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Wanabishana na mwamuzi, wanapigana baada ya mechi, hawamsikilizi mwalimu, wakitolewa nje wanavua jezi na kuitupa chini. Ukikaa na wazee wa hapa Lushoto, iwe sokoni Soni au barazani Mlalo, utaambiwa kwamba zamani haikuwa hivi. Kwamba zamani mtoto akipulizwa kipenga anasimama.

Hebu tujiulize: tunaposema "nidhamu" tunakusudia kitu gani hasa? Kwa ninavyoona mimi, neno hili limepunguzwa hadi kuwa na maana moja tu, nayo ni mdogo kumtii mkubwa. Mtoto akinyamaza, ana nidhamu. Akisema, hana. Kama mkubwa mwenyewe anafuata kanuni au hafuati, hilo si suala la nidhamu. Hilo ni "mambo ya uongozi".

Viwanja vyetu huku milimani vinajulikana. Vingi vimechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja umeinuka, upande mwingine ni bonde. Mpira ukitoka, mechi inasimama huku mtoto anautafuta chini kwenye mashamba ya kabichi, na mwezi wa saba ukungu ukishuka golikipa wa huku hamwoni wa kule. Wazazi tunasimama kwenye mstari wenyewe maana hakuna pa kukaa. Na hapo ndipo utakapomsikia mzee mzima, aliyetoka kuswali Alasiri muda si mrefu, akimpa mwamuzi majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mwamuzi mwenyewe ni mwalimu wa shule jirani, hana malipo ya maana, amepewa kipenga asubuhi ile ile. Mtoto wa miaka kumi na tatu aliyesimama mita tatu kutoka hapo anasikia kila neno. Kesho akilirudia tunaitana kikao kuzungumzia maadili ya vijana.

Nina kijana anayecheza kiungo katika timu ya shule yake ya msingi. Msimu uliopita alimwita mwamuzi "mwizi" baada ya goli lao kukataliwa. Nilikuwepo. Kwa macho yangu goli lile halikuwa la kuotea, na mpaka leo nasema hivyo. Mwalimu wake wa michezo alimfungia mechi mbili, akamwambia maneno niliyoyapenda: mwamuzi akikosea, kosa ni lake, ukimtukana, kosa linakuwa lako. Baadhi ya wazazi wenzangu walinitaka niende kulalamika, kwa kuwa kijana alisema kweli. Sikwenda. Kusema kweli hakumpi mtu ruhusa ya kuisema kwa matusi. Yapo mafundisho mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu katika mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Ni mfano uliochukuliwa kwenye mchezo wenyewe, tena mchezo wa miili.

Vijana hapa hukimbilia kwa Zinedine Zidane. Fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, Julai 9, 2006: Marco Materazzi alimtolea maneno kuhusu dada yake, naye akampiga kichwa kifuani. Wapo waliomtetea kwa moyo wote, wakasema kalinda heshima ya familia. Heshima ya familia tunaijua sote, lakini Zidane alitoka kwa kadi nyekundu, na Ufaransa ikaenda kwenye penalti bila nahodha wake na ikafungwa. Aliyetukana ndiye aliyeondoka na kombe.

Kuhusu namna ya kumrudi kijana pia tusifichane. Wengi wetu tunajua adhabu moja tu, fimbo. Hata mtoto aliyekosa penalti huchapwa, kana kwamba kukosa penalti ni utovu wa adabu. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kitabuni. Ni wangapi wameviona vikiandikwa? Uingereza, katika ligi za mitaani na za vijana, tangu msimu wa 2019/20 mchezaji anayembwatukia mwamuzi hukaa nje dakika 10, kisha hurudi uwanjani. Majaribio yaliyotangulia yalionyesha ubishi na waamuzi ukipungua kwa asilimia 38. Hakuna aliyechapwa. Kijana anayependa mpira, ukimnyima mpira amekuelewa. Kwa hiyo zile mechi mbili za kijana wangu niliziunga mkono, na nilimwambia mwalimu wake hivyo mbele ya kijana mwenyewe.

Sasa basi. Wiki chache baadaye ilitoka orodha ya timu ya kwenda ngazi ya wilaya. Kijana wangu alikuwemo, adhabu yake imekwisha. Mwenzake, winga wa kushoto aliyecheza mechi zote za kata, aliachwa. Nafasi yake alipewa kijana ninayemfahamu vizuri, kwa sababu amekuwa akinipakilia viazi kwenye Fuso pale Lukozi tangu mtoto wangu yuko darasa la pili. Shule ya msingi alishamaliza zamani. Ana ndevu, anazinyoa. Kwenye karatasi amezaliwa mwaka mmoja na mwanangu, na anasoma darasa la saba.

Jioni ile kijana aliniuliza: "Baba, mimi nilimwita refa mwizi nikafungiwa mechi mbili. Mwalimu yeye atafungiwa na nani?"

Nimeandika makala hii yote kwa sababu ya swali hilo.

Wapenzi wa kandanda nchini tuna majina ya mambo haya. Mchezaji aliyezidi umri tunamwita kijeba. Aliyeletwa kutoka nje ya shule tunamwita mamluki. Huyu wa Lukozi ni vyote viwili. Na si jambo la huku milimani peke yake. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, tukaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Vijana ambao umri wao ulikuwa halali walibaki nyumbani pamoja na asiye halali. Mwaka 2017 upepo uligeuka: Congo Brazzaville ilitutoa uwanjani, Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao mmoja, wakashindwa kumpeleka kwenye kipimo, na sisi tukaenda Gabon. Hapo nchi nzima iligundua kwamba kudanganya umri ni dhambi kubwa! Na mwaka 2019, mashindano hayo yalipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali, kisha ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia baada ya kubainika kuwa wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano Japani mwaka 2017 wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ikaenda badala yao. FIFA yenyewe, tangu Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009 kule Nigeria, hupima mifupa ya kiganjani kwa mashine ya MRI. Wameacha kuamini karatasi.

Lukozi hakuna MRI. Kuna mwalimu, kalamu na sisi.

Nilikwenda kuzungumza na mwalimu yule, na lazima nimtendee haki, kwa sababu si mtu mbaya na hoja zake si za kipuuzi. Kwanza aliniambia: "Mzee wangu, tukipeleka watoto wa kweli tutakutana na vijeba wa wenzetu. Hawa wadogo watavunjwa miguu. Wewe utakuwa wa kwanza kunilaumu." Pili, kijana yule wa Fuso ana kipaji, hakupata bahati ya kuonekana alipokuwa shuleni, na mtu akimwona huko mbele huenda akaacha kubeba magunia. Tatu, huku kwetu wengi hawana vyeti vya kuzaliwa; wako wanaosema tu kwamba walizaliwa mwaka wa mvua kubwa. Sasa umri wa kweli ni upi?

Hili la tatu nalimaliza haraka. Kutojua mwaka na kuujua kisha ukaandika mwingine ni vitu viwili tofauti. Mtoto aliyechelewa kuanza shule, akawa darasa la saba na miaka kumi na sita, hana kosa lolote na asinyanyapaliwe; mfundisheni, apewe mchezo wa rika lake. Huyu wa Lukozi hakuchelewa kuanza shule. Aliimaliza.

La kwanza ndilo lenye uzito, na nimelifikiria siku nyingi. Kama kila mtu anadanganya, anayesema kweli si anampa tu ushindi mdanganyifu? Huku Usambara tunayo njia ya kulipima swali hili bila kwenda mbali. Mkulima wa viazi anajua lumbesa. Gunia linalopaswa kuwa la kilo 100 linavishwa kilemba, linajazwa mpaka linashonwa kwa kamba juu, na bei ni ya gunia moja. Mnunuzi ukimwuliza anajibu vile vile alivyojibu mwalimu: wenzangu wote wananunua hivi, nikikataa mimi nitafunga biashara. Je, tumewahi kulikubali jibu hilo? Tumelilalamikia kwenye mikutano ya vijiji, tumewaambia wabunge, tumesema ni wizi. Hatukusema kwamba kwa kuwa wanunuzi wote wanafanya basi si wizi. Mkulima akiibiwa kilo thelathini, kila mmoja wetu anajua kwamba wingi wa wezi haupunguzi uzito wa kilo zile. Sura ya 83 katika Qur'an inafungua kwa onyo dhidi ya watu wenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea. Sisi sokoni tunataka mizani ya haki, na uwanjani tunawajazia wenzetu gunia lenye kilemba.

Na hofu ya miguu kuvunjwa ni ya kweli. Lakini tazama inakotupeleka. Mtoto wa kijiji kile naye ana mguu. Tumemlinda wa kwetu kwa kumpelekea wa kwao mwanamume mzima.

Hoja ya pili, ya kumsaidia kijana wa Fuso, ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa sababu imevaa nguo za huruma. Kijana yule akionekana, ataonekana akiwa na mwaka wa uongo. Akisajiliwa, atasajiliwa nao. Pasi ya kusafiria itaandikwa hivyo. Kuanzia hapo hawezi kurudi nyuma. Kila karatasi itadai uongo wa pili wa kuulinda ule wa kwanza, na siku kiganja chake kikiwekwa kwenye mashine, si mwalimu atakayesimamishwa wala afisa michezo. Mwaka 2001 huko Marekani, Danny Almonte alisifiwa nchi nzima kwa kurusha mpira katika mashindano ya besiboli ya watoto wa miaka 12. Ikabainika alikuwa na miaka 14, na cheti kilitengenezwa na watu wazima, baba yake akiwa mbele. Waliochunguza walisema mtoto hakuwa na hatia. Lakini zaidi ya miaka ishirini imepita, na anayekumbukwa kwa jina ni mtoto.

Kuna hadithi ya mama aliyemwita mwanawe mdogo akimwahidi kumpa kitu. Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa chochote angeandikiwa uongo. Tende moja, nyumbani, kwa mtoto ambaye pengine angesahau kabla ya magharibi! Sisi tunaandika mwaka mzima wa uongo, tunaugonga muhuri wa shule, tunaupeleka wilayani, na mtoto anasimama pale anatazama, kisha tunamfungia mechi mbili kwa neno "mwizi".

Naendelea kuamini kwamba adhabu ile ilikuwa sahihi. Matusi ni matusi. Ila nidhamu inayodaiwa kwa mdogo tu ni amri, na amri inaishia pale macho ya mkubwa yanapoishia.

Wazazi wanne tumempelekea mkuu wa shule ombi dogo lisilohitaji bajeti: kabla orodha haijaenda kata, ibandikwe ukutani ofisini kwake siku saba, jina, darasa na mwaka wa kuzaliwa, kila mzazi aisome. Kijiji ni kidogo, tunajuana tangu arobaini ya kila mtoto. Amesema atatujibu shule itakapofunguliwa. Yule winga wa kushoto bado anafanya mazoezi na wenzake kila jioni. Baba yake kijana wa Fuso tunaswali naye msikiti mmoja; Ijumaa iliyopita salamu yangu aliijibu, lakini hakusimama kuzungumza kama kawaida yetu.