Deni la Sikukuu
Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mafuta yalipouzwa, mjane aliagizwa kufanya nini kwanza?

Mwia alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumtuma mjane akope fedha kwingine. Alimwuliza ana nini nyumbani. Kwa majirani aliazima vyombo vitupu tu. Deni lililipwa kwanza, ndipo familia ikaishi kwa kilichosalia.

Nguo na vyakula vya Desemba vinaponunuliwa kwa mkopo wa simu wa shilingi 10,000, unaotozwa asilimia 7.5 kwa mwezi, kila mwezi huongeza shilingi 750. Kukopa kwingine ili kuulipa ni kubadilisha mwia tu, na ada ya shule ya Januari bado inangoja.

Je, “chupa ya mafuta” iliyo nyumbani mwako ni ipi?