Wema Wenye Alama Bado ni Wema?



Ndugu zangu wanafunzi, swali ninalolileta leo ni fupi lakini linatugusa sote. Kijana akimsaidia mtu kwa sababu shule imemtaka asaidie, na mwalimu yuko pembeni na rejista, je, huo ni wema? Au ni kazi ya darasani iliyofanyiwa nje ya darasa?

Shule za sekondari za kimataifa za Afrika Mashariki zinalijua swali hili vizuri. Shule ya kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa 1969 na ambayo tangu 2019 inaitwa UWC East Africa, pamoja na Aga Khan Academy ya Mombasa iliyofunguliwa 2003, zinafundisha mtaala wa International Baccalaureate, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Katika mtaala huo mwanafunzi hapati diploma kwa hesabu na sayansi peke yake. Lazima aonyeshe pia kuwa ameshiriki shughuli za ubunifu, za mazoezi ya mwili na za kuihudumia jamii. Zamani saa zilihesabiwa, zikafika 150. Baadaye kuhesabu saa kuliachwa, mwanafunzi akatakiwa aandike tafakuri yake juu ya alichofanya na alichojifunza.

Tusidhani hayo ni ya wenye ada kubwa tu. Hapa Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unaipa kazi ya mwanafunzi shuleni, miradi ikiwemo, asilimia 20 ya alama za mwisho. Nasi wa chuo kikuu, nani hajaandika neno "kujitolea" katika wasifu wake anapotafuta kazi?

Wapo wenzetu wanaojibu haraka: wema wa namna hiyo hauna thamani mbele ya Mwenyezi Mungu. Hoja yao ina nguvu. Hadithi ya kwanza tunayofundishwa madrasa ni ile ya nia, kwamba kila mtu atapata alichokinuia. Na katika Sahihi Muslim imo ile habari nzito ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo: aliyepigana ili aitwe shujaa, aliyesoma ili aitwe mwanachuoni, na aliyetoa mali ili aitwe mkarimu. Wote walitenda kweli, na wote wakaambiwa kwamba walichokitaka wameshakipata duniani. Basi mwanafunzi aliyepanda miti ili apate cheti, cheti si amekipata? Anadai nini tena?

Ninaiheshimu hoja hii, lakini naona inakwenda mbali kuliko sheria yenyewe. Tazama mambo matatu.

Kwanza, zaka ni lazima. Anayeitoa hakuachiwa hiari, na katika dola ya Kiislamu walikuwapo wakusanyaji waliokwenda na hesabu zao. Hata hivyo hakuna anayesema zaka si ibada kwa sababu iliandikwa kwenye daftari. Kulazimishwa na kuhesabiwa, kwa hivyo, havitoshi kuiua ibada.

Pili, Qur'ani katika Suratul Baqara imewaondolea lawama mahujaji wanaotafuta riziki ya Mola wao katika safari ya Hija. Mtu anakwenda kuitika wito wa Mola wake, na begani ana mzigo wa biashara. Faida ya dunia imekaa pembeni mwa ibada, wala haijaitoa ibada mahali pake. Jambo baya ni faida hiyo kukalia kiti cha ibada.

Tatu, tumeagizwa kuwaamuru watoto kusali wakiwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba anasali kwa sababu ya baba yake, si kwa sababu ya ikhlasi. Hatukuambiwa tungoje moyo ukomae ndipo mwili uiname. Imam Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba wapo wanazuoni waliokiri kuwa walianza kutafuta elimu kwa sababu zisizokuwa za Mwenyezi Mungu, na elimu ikakataa kuwa ya mwingine ila Yeye. Mlango wa kuingilia haukuwa safi, lakini ndani walikutana na kilicho safi. Na Fudhayl bin Iyadh alitahadharisha kuwa hata kuacha tendo jema kwa kuwaogopa watu ni riya. Kwa hiyo anayesema, "Sitakwenda kusaidia kwa sababu kuna cheti," naye ajichunguze vizuri.

Mpaka hapa ningeweza kuhitimisha kwamba alama haziharibu wema, tukaagana. Lakini kuna jambo halijaguswa. Hoja zote mbili, ya wanaokataa na ya wanaokubali, zinamtazama mtoaji: moyo wake, cheti chake, thawabu zake. Aliyepokea yuko wapi?

Mimi ni mtoto wa Muhokya, mji mdogo wa barabarani kati ya Kasese na Kikorongo, panapochomwa chokaa. Upande mmoja tuna milima ya Rwenzori, upande wa pili tambarare inayokwenda hadi Ziwa George. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, kama ulivyofurika Mei 2013, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Baadhi ya waliopoteza makazi waliletwa kwetu wakaishi kambini. Tangu hapo Muhokya ikawa mahali pa kutembelewa. Shule zikaja, vyuo vikaja, makanisa na misikiti ikaja. Allah awalipe wote.

Mama mmoja wa kambini niliyezoea kumsalimia aliniambia kwa Kikonzo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Mwanangu, mwisho wa muhula tunapata sabuni hadi tunauza. Muhula ukianza, tunafulia majivu." Hakuwa analalamika, alikuwa anacheka. Lakini mimi nilirudi nyumbani na maneno hayo yakakataa kunitoka.

Sabuni ile ilinunuliwa kwa pesa halali. Huenda waliobeba walikuwa na nia nzuri kuliko yangu mimi. Hakuna aliyedanganya. Kasoro ni kwamba msaada ulifuata kalenda ya mtoaji, si haja ya mpokeaji. Ripoti ilitakiwa mwisho wa muhula, na sabuni ikafika mwisho wa muhula. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akapona yeye.

Linganisha na jambo hili. Huko Wales, mwaka 1962, ilifunguliwa Atlantic College, shule ya kwanza ya ukoo ule ule ambao UWC East Africa ni mwanachama wake. Iko ufukweni, na huduma yao kubwa ilikuwa kuokoa watu baharini. Shule hiyo ndiyo iliyobuni boti ya mpira yenye sakafu ngumu, aina inayotumiwa leo na waokoaji sehemu nyingi duniani, na wanafunzi wake walikuwa mabaharia wa kituo cha uokoaji hadi 2013. Nao walikuwa vijana wa sekondari, nao walikuwa wanasomea diploma. Lakini bahari haina muhula. Anayezama hangoji Ijumaa ya mwisho ya mwezi, wala haulizi kama mwokoaji anaandika tafakuri. Anauliza kama boti imefika, na kama aliyeishika anaijua kazi. Pale haja iliamrisha ratiba, na nadhani hapo ndipo mtu hufundishwa ikhlasi bila kuhubiriwa, kwa sababu kazi yenyewe haimpi nafasi ya kujitazama.

Huenda msomaji atasema: basi nia haina maana, muhimu ni matokeo? La. Rudi tena Suratul Baqara. Mwenyezi Mungu anatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Zingatia neno kubatilisha. Sadaka imeshatoka mkononi, njaa imeshaondoka, na bado inaweza kubatilika kwa jeraha aliloachiwa aliyepokea. Heshima ya mpokeaji haikai nje ya ibada kama pambo. Ni sharti la ibada. Kwa hiyo anayejali nia yake kikweli hawezi kuishia kuuchungulia moyo wake. Atamtazama mwenzake usoni, aone kama kuna maudhi.

Na maudhi ya zama zetu si lazima yawe maneno. Picha ni maudhi, pale mzee anapopigwa ameshika kilo mbili za unga na nyuma yake bango la jumuiya. Tafakuri nayo inaweza kuwa maudhi, pale mwanafunzi anapoandika kwamba kambini alijifunza kuishukuru hali yake. Amejifunza, alhamdulillahi. Lakini mtu aliyebomolewa nyumba na mto si kitabu cha kiada cha kumfundisha mwingine shukrani. Ana jina, ana haja, na ana maoni juu ya sabuni.

Jibu langu, basi, ni hili. Alama haziufanyi wema kuwa batili, kama vile biashara haikuibatilisha Hija. Kinachoubatilisha ni pale alama zinapoamua nani asaidiwe, lini, na aonyeshwe vipi. Ikhlasi ya moyoni anaijua Allah peke yake, na hatuna ruhusa ya kumhukumu nayo kijana wa Moshi, wa Mombasa wala wa Kasese. Lakini kalenda tunaiona. Picha tunaziona. Hayo tunaweza kuyarekebisha.

Kwa jumuiya yetu ninapendekeza mambo matatu kabla ya ziara ijayo. Tuwaulize wenyeji kwanza wanahitaji nini na lini, na kama jibu ni katikati ya mitihani, tugawane zamu. Tuchague mahali pamoja na tuparudie mwaka mzima, hata kwa kidogo, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu, ijapokuwa kidogo. Na katika ripoti tuandike hesabu ya vitu na pesa, kwa kuwa hiyo ni amana, lakini nyuso za watu tuziache kwao.

Cheti kikija, kipokeeni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; nami naongeza kwamba si saa 150 pia. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku cheti kinapotundikwa ukutani, kambini sabuni haijaisha.

Wabillahi tawfiq.