Askari Anayekataa Kufa

Andiko: Yohana 12:24

Yesu alifundisha kwamba punje ya ngano isipokufa haizai. Hebu leo tuione siri hiyo ndani ya miili yetu.

Ukishikwa na mafua, seli nyeupe za damu, wale askari wa mwili, huongezeka kwa wingi sana. Virusi vikishindwa, jeshi hilo lote huenda wapi? Haliendi popote. Karibu 9 kati ya kila 10 hufa. Amri ya kufa Mungu aliiweka ndani ya seli yenyewe. Nayo hufa kwa adabu: hujigawa vipande, haimwagi sumu yake, jirani zake huimeza. Chache tu hubaki, ili zimkumbuke adui akirudi.

Lakini kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo FAS. Watafiti walilieleza jambo hili mwaka wa 1995. Askari wao hawasikii amri. Vita vimeisha, wao bado wapo tu! Tezi zinavimba, wengu unavimba, na mara nyingi askari hao wanageuka kushambulia damu ya mtoto mwenyewe.

Niliposoma hayo, nilijiona. Mimi na mdogo wangu tuligombania shamba la marehemu baba. Wazee wakaamua, mpaka ukawekwa, kesi ikaisha. Mimi sikuisha. Niliwakataza watoto wangu kumsalimia baba yao mdogo. Nilifunga na kuomba juu ya adui, kumbe adui niliyemtaja ni damu yangu!

Nisieleweke vibaya. Kufa kabla ya wakati pia ni ugonjwa. Virusi vya Ukimwi huangamiza askari wa mwili vita vikiwa vimepamba moto. Kwa hivyo, mpendwa, kama unatumia ARV, usiache ati kwa sababu umeombewa. Vita vyako bado vinaendelea, pigana.

Lakini kama vyako viliisha, hasira hiyo inangoja nini? Sikwambii usahau. Hata mwili unakumbuka. Weka tu silaha chini.

Juzi nilimpigia mdogo wangu simu. Hakushika. Nitapiga tena kesho.

Na wewe, ni nani hujampigia?

Maombi: Bwana, ua ndani yangu kile ambacho kazi yake imekwisha, kabla hakijaila nyumba yangu. Amina.