Bei ya Kusema Hapana

Ukisema unasomea udaktari, watu wanakupongeza na mazungumzo yanaishia hapo. Ukisema uhandisi wa mazingira, lazima mtu aulize: "Na hiyo inalipa?" Mimi nimeisoma, na swali hilo nimelisikia harusini, matangani, hata ndani ya matatu. Wenzangu wengi linawaudhi. Wanaona ni la watu wenye tamaa. Mimi naliona ni swali la haki, ila huwa tunalijibu nusu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Shahada ya uhandisi hapa Kenya ni miaka 5, wakati rafiki yako wa biashara anamaliza kwa 4. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mwaka mmoja baada ya kumaliza unaanza kudaiwa, uwe na kazi au huna. Bodi ya Wahandisi inakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unahitaji angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kutambuliwa kama mhandisi kamili. Ukitaka kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, NEMA nayo inadai usajili na leseni ya kila mwaka. Ukiingia chuo na miaka 19, unaweza kugonga 27 kabla sahihi yako haijawa na uzito. Na muda wote huo, simu za nyumbani za "tuma kakitu" hazingoji.

Sasa, hiyo sahihi ananunua nani? Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na gharama ni ya mwenye mradi. Yeye ndiye anamtafuta mtaalamu, wanapatana bei, anamlipa. Halafu mtaalamu huyo huyo anatakiwa amwambie, ikibidi, kwamba mradi wake utaumiza watu. Ni kama refa kulipwa na timu moja, kisha tumwombe awe muungwana.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Owino Uhuru, Mombasa. Katikati ya makazi ya watu kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, madini yale mazito yanayoharibu ubongo wa mtoto. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia tathmini ya mazingira. Matokeo hayakuwa mazuri. Alishauri kiwanda kihamishwe, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mtoto wake mwenyewe aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo.

Tazama hesabu hapo. Ripoti iliyosema ukweli ingefuatwa mapema, ingeokoa zaidi ya bilioni moja, bila kutaja watoto, ambao siwezi kuwawekea bei. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kulipia ukweli huo. Kazi bora ya mhandisi wa mazingira ni jambo ambalo halikutokea: maji ambayo hayakuchafuka, mtoto ambaye hakuugua. Nani atakutumia M-Pesa kwa kitu ambacho hakikutokea?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "fuata moyo wako, pesa zitakuja." Mtu mwenye deni la chuo, kodi ya nyumba imechelewa na mdogo wake amerudishwa kutoka shule hana nguvu ya kumkatalia mteja. Anaweza kuwa na dhamiri safi kabisa, na bado akaweka sahihi. Kuhesabu pesa kabla ya kuchagua kozi si uroho. Ni kujiuliza mapema kama utaweza kumudu ukweli siku ukihitajika.

Nikiulizwa leo kama inalipa, mimi huuliza pia: itakuachia miezi mingapi ya kuishi bila mteja mmoja? Kama jibu ni sifuri, tafuta njia ya kuongeza. Epuka deni unaloweza kuepuka. Jifunze kitu cha pili kinachouzika, kama kuchora ramani kwa kompyuta au kusanifu mifumo ya maji, ili ripoti zisiwe mkate wako peke yake.

Lakini mzigo huu si wa kijana peke yake. Mwenye mradi angelipa ada kwenye mfuko wa umma, na mtaalamu akapangiwa kazi bila kuchaguliwa na anayemkagua, uaminifu usingehitaji ushujaa. Kwa sasa tunawataka wahandisi wachanga, wenye madeni, wawe mashujaa kwa gharama yao wenyewe, kisha tunashangaa mito ya Nairobi inavyonuka.

Kwa hivyo mjomba akiuliza kama inalipa, usikasirike. Mpe hesabu yote. Kisha muulize naye: angekuwa anaishi jirani na kile kiwanda, angependa mtu wa kuandika ripoti awe amelipwa na nani?