KUBADILI JINA WAKATI WA KUTWAA URAIA

 

Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni, ambaye sasa akaa Marekani, ameniandikia barua. Yu karibu kuapishwa uraia wa nchi ile, na katika karatasi za maombi aulizwa kama ataka kubadili jina. Naye ataka. Asema amepeleka barua nyingi za kutaka kazi, na wenye kazi wakiliona jina lake hawasomi zaidi. Aniuliza: je, ni halali kuacha jina lake, na la babake na la babuye, atwae la Kizungu?

Ruhusa hiyo si ya jana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 iliwawezesha mahakimu kumbadilia mtu jina pale pale ampatiapo uraia, na hata leo iko, lakini kwa hakimu tu. Aapishwaye na maafisa wa uhamiaji pasipo korti haipati. Ufaransa nayo, kwa sheria ya 25 Oktoba 1972, yamruhusu raia mpya kuligeuza jina lake liwe la Kifaransa. Huko hapana alazimishwaye. Si kama Waislamu wa Kituruki wa Bulgaria, waliovuliwa majina yao kwa nguvu miaka ya 1984 na 1985, hata wakarudishiwa haki yao kwa sheria mwaka 1990. Aliyelazimishwa ana udhuru. Sisi twasema na mwenye hiari.

Basi jua, ewe ndugu msomaji, kuwa katika jina la mtu mna mambo mawili: jina lake mwenyewe, na nasaba yake. Mimi nami niliyachanganya. Jawabu yangu ya kwanza ilikuwa neno moja, haramu, kisha nikaichana.

Jina la mtu mwenyewe hubadilika. Mtume (S.A.W.) alimkuta mwanamke ambaye maana ya jina lake ni mwenye kuasi, akamwita Jamila. Na Hazn, ambaye jina lake ni ugumu, alimwambia ajiite Sahl, naye akakataa kuacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, akasema ugumu ule haukuwatoka tena. Wala si sharti jina liwe la Kiarabu: Ibrahim na Yusuf asili yao si Kiarabu. Yusuf akiitwa Joseph kazini hajatoka katika dini, wajaposema wasemao barazani.

Lakini nasaba si mali ya mtu aiuze. Zaid bin Haritha aliitwa Zaid bin Muhammad, hata ikashuka amri katika Suratul Ahzab watu waitwe kwa baba zao, akarudishwa kwa Haritha. Ikiwa jina la bora wa viumbe halikuachwa likae mahali pa jina la Haritha, la Smith litakaaje?

Huenda mtu akasema: huyu hadai kuwa Smith ni babake, hilo ni lakabu tu. Ni kweli, na ndiyo sababu sikumhukumu kwa neno lile la kwanza. Lakini kwa wenzetu jina la mwisho ndilo la nyumba nzima. Wanawe wataliandika, na wajukuu hawatajua walitoka kwa nani. Nimeona mirathi ikikaa miezi, kwa kuwa mrithi amekuja na hati yenye jina lisilojulikana na shahidi hata mmoja, mpaka akapatikana bibi kizee aliyemlea.

Wala siwezi kumwambia kijana asubiri, rizki i kwa Mungu, nami nimekaa kwangu nimeshiba. Kufungiwa mlango kwa ajili ya jina ni dhuluma, na aliyedhulumiwa hatukanwi.

Nimemjibu hivi: jina lako mwenyewe, ukihitaji, lifupishe au ubadili, illa lisiwe lenye maana ya utumwa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. La babako liache mwisho, liwe ndilo jina la nyumba yako. Na amri ya hakimu itakayotaja jina la kale na jipya, toa nakala mbili. Moja weka pamoja na wasia wako, na moja umletee mamako huku.