Namba Mbili Kwenye Land Rover Moja

Pale Mkuza, Kibaha, kuna Land Rover ya kijani yenye namba mbili za chesisi. Ya kwanza imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na pale springi inaposhikiliwa: tarakimu nane na herufi moja, kama kiwanda kilivyofanya kwa magari mengi ya miaka ya sabini. Ya pili imo kwenye kibati kidogo kilichopigwa ribiti chini ya boneti, nayo inaanza na herufi SAL, mtindo uliokuja baadaye. Namba hizo hazipatani hata kidogo. Kwa sababu hiyo gari haliuziki, jina halibadilishwi, na likipata ajali kampuni ya bima ina mlango wa kutokea.

Mwenye gari si mwizi. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa watu, aliyeanza kulipenda gari kabla ya kulichunguza. Jina lake naliacha. Kisa chake nakieleza kwa sababu wengi tunaipenda Land Rover kwa moyo uleule, nami nimo, na sioni ni wapi ningekuwa mwangalifu kuliko yeye.

Mapenzi hayo yana asili. Tumekua tukiiona Land Rover kwa bwana shamba, kwa mganga wa wilaya, kwa mkuu wa shule. Wazee wetu wanaikumbuka ile ya TANU iliyomfikisha Nyerere vijijini siku za kudai uhuru. Oktoba 2024 Arusha ilipoziita Land Rover za kila umri zipite kwa msafara, nia ikiwa kuvunja rekodi iliyoshikiliwa na Ujerumani, wastaafu kadhaa ninaowafahamu walianza kuulizia bei. Kabla ya hapo, katika bajeti ya 2017/18, Serikali ilikuwa imefuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari. Mikweche iliyolala nyuma ya nyumba kwa hofu ya malimbikizo ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Mwalimu naye alikuwa na sababu ya haki kabisa. Ana shamba la mihogo na mikorosho upande wa Mzenga, Kisarawe, na yeyote aliyepita barabara ya kutoka Mlandizi wakati wa masika anajua kwamba kuna sehemu abiria hushuka kusukuma. Alitaka gari la kupita pale. Akaona bodi.

Narudia, aliona bodi kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Ilikuwa bodi ya Land Rover 110, imewekwa kwenye yadi moja Dar es Salaam. Gari ilikotoka bodi hiyo lilikuwa la mradi, injini na giaboksi vikauzwa, chesisi ikaenda kwingine. Milango minne ilikuwa mizima, kioo cha mbele kimoja kipana, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Akailipia siku hiyohiyo. Baada ya hapo akaanza kutafuta cha kuibebea, akapata Land Rover 109 ya zamani Kongowe, bodi yake ikiwa imepondeka lakini magurudumu na injini vipo.

Fundi mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi karakana za serikali, alipoitwa kutazama alisema neno ambalo Mwalimu alilicheka: "Mwalimu, umenunua koti kabla hujampata wa kulivaa."

Hapa inafaa tuelewe gari hili limeundwaje, maana ndiko udanganyifu uliko, na hakuna binadamu anayeufanya. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Waundaji wakatumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi, na desturi hiyo ikabaki kwa miongo mingi. Aluminiamu haioti ile kutu nyekundu. Lakini chesisi ni ya chuma, imeundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani, na humo maji na tope huingia yasitoke. Inaoza kutokea ndani kuja nje. Ndiyo maana Land Rover inaweza kusimama chini ya mwembe miaka arobaini, bodi ikang'aa ukiisugua, huku chini ukuta wa chesisi umebaki mwembamba kiasi kwamba bisibisi inapenya. Gari hili huonekana zima kuliko lilivyo. Anayelinunua kwa kutazama bodi hajalitazama.

Dalili ya kwanza ilikuja kabla pesa hazijatoka mkononi. Kadi ya ile 109 haikuwepo. Wauzaji walisema iko kwa shangazi yao Moshi, itatumwa kwa basi. Mwenye jina kwenye kadi alikuwa baba yao, naye alishafariki, na hakuna aliyekuwa amekwenda mahakamani kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa lugha nyingine, waliokuwa wanauza hawakuwa na mamlaka ya kuuza. Mwalimu alilijua hilo. Aliwahi kuwa shahidi katika mirathi za watu wengine. Lakini walikuwa vijana wa heshima, mmoja wao Mwalimu alimfundisha darasani, na mkataba uliandikwa mbele ya mjumbe. Ukweli ni kwamba karatasi ya mjumbe inathibitisha mlipatana bei. Haimfufui marehemu akasaini uhamisho wa gari.

Dalili ya pili ilisikika kwa sikio. Yule fundi mzee aliomba nyundo ndogo, akalala chini ya gari, akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kurudi nyuma. Chuma kiliitika kwa mlio mkali, gonga baada ya gonga, mpaka alipofika pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Mlio ukafa. Ikawa bu, bu. Akagonga tena kwa nguvu kidogo, likamwagika vumbi jekundu na magamba ya kutu ya ukubwa wa kucha. Akajifuta uso, akasema sehemu ile ikatwe yote mpaka kwenye chuma kizima, iungwe upya, na gharama yake si ndogo.

Vijana wa gereji iliyopewa kazi walikuwa na jibu jepesi. "Hiyo tunapiga kiraka, mzee, inakuwa nzito kuliko ya kiwandani." Na kweli walichomelea bati nene juu ya palipooza, wakapaka rangi nyeusi, ikapendeza. Kiraka cha namna hiyo kina ubaya wake: bati jipya halikubali kukunjika, kwa hiyo mzigo wote unahamia ukingoni mwake, kwenye chuma kilekile kilichochoka. Fundi mzee hakuitwa tena. Tunapenda fundi anayesema ndiyo, na mimi sijatoka katika kundi hilo.

Dalili ya tatu ilikuwa inchi moja. Majina 109 na 110 si mapambo. Ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ile ya zamani inakalia springi za majani. Ile ya 110, iliyoanza kuuzwa 1983 na kupewa jina Defender mwaka 1990, inakalia springi za kuzunguka, na bodi yake ilipangwa kwa chesisi yake. Walipoishusha bodi, matundu ya boliti hayakukutana. Mbele palilazimika kukaa sawa kwa ajili ya usukani na rejeta, hivyo tofauti yote ikasukumwa nyuma. Vishikizo vikakatwa kwa grainda, vikachomelewa vipande vingine kwa kukadiria. Mjukuu wa Mwalimu, mtoto wa darasa la tatu, ndiye aliyeliona: "Babu, mbona tairi halijakaa katikati?" Lilikuwa limesogea ndani ya tundu lake, jicho lolote linaona. Babu akajibu kwamba likipakwa rangi halitaonekana.

Kuna jambo lilifanyika hapohapo ambalo si la kupita. Aluminiamu ikilazwa moja kwa moja juu ya chuma kitupu, pakiwa na unyevunyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe kuzunguka boliti. Kinga yake ni mpira katikati, au rangi nzito na grisi. Bodi ya Mwalimu ililazwa juu ya chuma kitupu, na haikumaliza masika moja bila ule unga kuonekana.

Dalili ya nne ilikuwa milango, na hii ndiyo ningeomba kila msomaji aikumbuke, maana haihitaji ufundi. Gari likiwa chini, milango yote minne ilifunga vizuri. Siku ya kubadilisha tairi wakapiga jeki kona moja ya nyuma, na mlango wa upande ule ukagoma kufunguka. Wakashusha jeki, ukafunguka. Kijana akapaka grisi bawaba. Mlango haukuwa na tatizo. Chesisi ilikuwa inapinda, na bodi inapinda nayo. Ukitaka kununua gari la namna hii, omba jeki, inua kona moja, kisha fungua na funga milango kabla hujazungumza bei.

Lilitoka gereji linang'aa. Majirani tulilizunguka, tukapiga picha. Mkewe peke yake ndiye aliyeuliza, "Baba Neema, na kadi?" Akaambiwa inakuja.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa ya mihogo kutoka Mzenga. Walikuwa wanarudi kuelekea Mlandizi, mwendo wa pole kwa sababu ya tope, wakasikia mlio kama wa tawi kukatika. Usukani ukavuta upande mmoja. Waliposhuka, chesisi ilikuwa imepasuka nyuma ya viti, pembeni mwa kile kiraka, karibu na pale nyundo ya fundi mzee ilipoitika bu, bu. Bodi ilikuwa imeachana kidogo na sakafu upande wa kushoto. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lingetokea Barabara ya Morogoro, kati ya malori na mabasi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Gari likavutwa hadi nyumbani, likaungwa kwa mara nyingine, na sasa Mwalimu akataka kuliuza arudishe walau nusu ya fedha. Akapata mteja. Mteja alikuwa na akili kuliko sisi sote: akasema hatoi hata shilingi mpaka gari lipite kwa mkaguzi wa magari wa polisi na jina libadilishwe TRA. Mkaguzi alifungua boneti, akasoma kibati. Akainama, akasugua tope kwa brashi ya waya, akasoma chesisi. Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo kabisa: "Mzee, hapa kuna magari mangapi?"

Kisheria gari ni lile lililoandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, mabadiliko hayo yanapaswa kufika kwa msajili, yaani TRA, gari likiwa limekaguliwa. Mwalimu hakuwa na kadi ya chesisi, na hakuwa na risiti ya bodi. Hakuweza kueleza kwa maandishi 110 ile ilitoka wapi, na kwa askari, bodi isiyo na asili ni bodi ya gari la wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Simlaumu askari. Magari yanaibwa, yanakatwa, yanauzwa vipandevipande, na anayenunua kipande bila karatasi hana namna ya kujitenga na aliyeiba.

Usiku wa siku hiyo mmoja wa vijana wa gereji alimfuata na ushauri: wang'oe kibati, wasage namba ya chesisi kwa grainda, wagonge nyingine inayofanana. "Nani atajua, mzee?" Mwalimu alikataa, na kwa hilo nampa heshima yangu yote. Kufuta namba ya chesisi ni jinai. Alama ya grainda haijifichi, na mtu aliyekuwa mzembe tu angejitia mwenyewe katika kundi la wezi. Ndugu msomaji, siku fundi atakapokupa ushauri huo, chukua funguo zako uondoke, hata kama gari liko juu ya mawe.

Haya yote yangeweza kuepukwa kwa kupindua mpangilio. Kadi ingekuja kwanza, na mwenye jina akiwa marehemu, barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kisha namba, zisomwe kwa macho ya mnunuzi na si kwa mdomo wa dalali. Kisha nyundo na jeki. Mkaguzi aulizwe kabla ya kukata chochote, si baada ya rangi, na bodi inunuliwe mwisho, kwa risiti, ya gari la aina ileile. Mtu mwenye haraka ataona huu ni usumbufu. Bodi nzuri hazijaisha, zipo yadi nyingi, zitasubiri.

Wale vijana wa Kongowe hatimaye wamefungua mirathi ya baba yao, na yadi bado inatafuta karatasi za ile 110. Kwa sasa mihogo ya Mzenga inasafiri kwa Canter ya kukodi kutoka Mlandizi. Mwalimu amepiga hesabu zake daftarini: kodi ya Canter kwa misimu yote iliyopita haijafikia alichowalipa mafundi wa bodi peke yao.