Mgeni Katika Jangwa Takatifu

Tangu kale, binadamu akisongwa na dunia hutamani jangwa. Huko hapana kivuli cha kujifichia wala kelele ya kuizima sauti ya moyo. Basi si ajabu kuwa mji mdogo wa Sedona, katika jimbo la Arizona kusini-magharibi mwa Marekani, huvuta wageni wengi waendao kuitafuta roho. Majabali yake ni mekundu mithili ya makaa, kwa kutu ya chuma iliyozivika chembe za mchanga. Baina ya majabali hayo limejengwa kanisa dogo lililokamilika mwaka 1956. Na tangu miaka ya 1980 wapo waaminio kuwa pahala kadhaa, kama Bell Rock na Boynton Canyon, nguvu za ardhi huzunguka mfano wa chamchela, na kwamba aketiye hapo hupona moyo.

Sayansi haijazithibitisha nguvu hizo. Hata hivyo, haifai kumcheka mtu aliaye mbele ya jabali. Ukimya una kazi yake, na chozi lake laweza kuwa la kweli. Suali zito ni jingine: je, utakatifu wa mahali ni mali ya kila apitaye?

Bonde lile lina wenyewe. Mnamo Februari 1875 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu Wayavapai na Waapache wapatao 1,500 hadi San Carlos, mwendo wa takriban maili 180, katika majira ya baridi. Wengi walifia njiani. Ilipita kama robo karne ndipo baadhi yao wakarejea. Kwa Wayavapai, majabali yale yamo katika masimulizi ya asili yao. Si pahala pa kutuliza mawazo tu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sedona methali hii imepinduliwa: mwenyeji alifukuzwa, kisha mgeni akaja apone yeye.

Na hata huko kupona kuna hatari yake. Mnamo Oktoba 2009, karibu na mji huo, watu zaidi ya 50 waliolipa maelfu ya dola waliingizwa katika hema la mvuke, kwa kuiga ibada ya wenyeji wa asili wa Marekani. Watatu walifariki, na mwaka 2011 kiongozi wao akatiwa hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Ibada ilichukuliwa, wazee waijuao mipaka yake wakaachwa nyuma.

Yupo atakayejibu kuwa Mola hakuliumba jabali kwa ajili ya kabila moja. Ni kweli. Lakini kosa baina ya mja na Mola wake huombewa toba popote, ilhali haki ya mja mwenziwe haiishi kwa machozi. Hairudi ila kwa mwenyewe. Ibada haiwezi kuwa njia ya kulikwepa deni.

Si kwamba mgeni asiende. Na aende, lakini aulize kwanza ardhi ni ya nani, aache kilichokatazwa, na awasikilize wenyeji wanaposimulia mwaka 1875. Huenda akarudi kwao moyo umemwemea kuliko alivyokuja. Hiyo nayo ni neema, na aghalabu ndiyo aliyoifuata bila kuijua.